Kuikamata Fotoni Moja Ndani ya Almasi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Maabara

Mwaka 2015 watafiti wa Delft, Uholanzi, waliweka vipande viwili vya almasi katika maabara zilizoachana kilomita 1.3, wakajaribu kuifunga elektroni ya huku na elektroni ya kule kwa njia ya nuru. Jaribio lilikwenda saa 220. Matukio yaliyofaa kuhesabiwa yalikuwa 245, yaani moja hivi kwa kila saa. Lilikuwa tokeo kubwa, kwa sababu lilikuwa jaribio la Bell, lile linaloonyesha kwamba chembe mbili zilizofungwa pamoja hujibu kwa namna isiyoelezeka kwa fizikia ya kawaida, na liliziba kwa pamoja mianya mikuu ya kulitilia shaka. Lakini mimi kila nikizisoma namba hizo huiwaza ile saa nzima ya kungoja. Leza ilikuwa ikipiga bila kuchoka, na nuru ilikuwa ikizaliwa ndani ya almasi. Karibu yote ilipotea njiani, na sehemu kubwa haikutoka hata kwenye jiwe lenyewe.

Nanofotoniki ya almasi ni kazi ya kuifungulia nuru hiyo mlango. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyepewa kipande cha almasi, leza ya kijani na meza tupu, akaambiwa aanze. Msimamo wangu ni huu: usichonge chochote kabla hujaweza kuthibitisha, kwa vipimo vyako mwenyewe, kwamba unachokiona ni chanzo kinachotoa fotoni, yaani chembe za nuru, moja moja. Nimeona vipande vizuri vya almasi vikichongwa nguzo maridadi ambazo ndani yake hamkuwa na kitu.

Kasoro inayotafutwa

Almasi safi ni kaboni tupu iliyopangwa kwa utaratibu mkali, nayo haina cha kukupa. Tunachotafuta ni kasoro. Mahali fulani katika fuwele, atomu ya naitrojeni imekalia kiti cha kaboni, na kiti kilicho jirani yake kiko wazi. Jozi hiyo huitwa kituo cha NV, kifupi cha Kiingereza cha nitrogen-vacancy, naitrojeni na nafasi wazi. Ukikipiga kwa nuru ya kijani ya nm 532 (nm ni nanomita, sehemu ya bilioni ya mita), kinajibu kwa nuru nyekundu inayoanzia nm 637 na kutambaa hadi karibu nm 800.

Jambo la msingi ni muda. Kituo kikishapandishwa kwenye hali ya msisimko, hukaa huko wastani wa nanosekunde 12, kisha hushuka na kuachia fotoni moja. Ni kama gobore: ukishapiga, lazima ushindilie upya ndipo upige tena. Kituo kimoja hakiwezi kutoa fotoni mbili kwa mpigo mmoja, na ukweli huo mmoja ndio tutakaoutumia kukitambua. Kituo kimoja pekee kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1997 huko Chemnitz, Ujerumani, na mwaka 2000 makundi mawili, moja la Munich na jingine la Orsay, Ufaransa, yakaonyesha kwamba kweli kinatoa fotoni moja moja, tena katika joto la kawaida la chumba. Usichukulie hilo kirahisi. Vyanzo vingi vya aina hii hudai heliamu ya kimiminika kabla havijatoa chochote cha maana.

Kuna ndugu zake: SiV yenye silikoni, inayong'aa nm 737, GeV yenye jerimani, nm 602, SnV yenye bati, karibu nm 620. Hizo tutazirudia mwishoni. Anza na NV, maana inasamehe makosa.

Hatua ya kwanza: kipande chenyewe

Msomaji wa kwetu akisikia almasi huwaza Mwadui, Shinyanga, au Mbuji-Mayi. Swali la haki ni kama jiwe la huko lingefaa. Kwa kazi hii, kwa kawaida hapana, na sababu si thamani yake. Almasi nyingi za asili zimekaa chini ya ardhi kwa muda mrefu kupita kiasi, na naitrojeni yake, ambayo ni nyingi, imekusanyika makundi makundi. Ukiiweka chini ya darubini utaona anga zima limewaka, wakati wewe unataka nyota moja moja zilizoachana.

Agiza almasi iliyokuzwa maabara kwa njia ya mvuke wa kemikali, daraja linaloitwa la kielektroniki, ambalo naitrojeni yake iko chini ya sehemu 5 katika bilioni. Kipande cha mm 2 kwa 2, unene wa nusu milimita, kinatosha kwa miezi mingi ya kazi. Omba uso uliosuguliwa vizuri, na uulize mwelekeo wa fuwele. Uso wa kawaida ni wa 100, na katika uso huo mihimili yote minne inayowezekana ya NV imeinama nyuzi 54.7 kutoka wima. Iandike namba hiyo kwenye daftari, utaihitaji utakapofika kwenye sumaku.

Njia ya bei nafuu zaidi ni unga wa nanoalmasi wenye chembe za nm 50 hadi 100, uliochanganywa na maji na kutandazwa juu ya kioo chembamba cha darubini. Kwa kujifunza kupanga darubini ni njia nzuri sana. Kasoro yake ni kwamba chembe moja inaweza kubeba vituo viwili au vitatu, na muda wa msisimko hurefuka mara mbili hivi, tena hutofautiana kati ya chembe na chembe.

Ukitaka vituo vilivyo karibu na uso, ambavyo ndivyo nanofotoniki huvihitaji, ioni za naitrojeni hurushwa ndani ya almasi. Kwa nguvu ya keV 6 zinafika kina cha nm 10 hivi. Kisha kipande huchomwa kwenye tanuri la ombwe, nyuzi 800 za Selsiasi au zaidi kwa saa kadhaa, ili nafasi wazi zitembee mpaka zikutane na naitrojeni. Ombwe liwe zuri. Hewa kidogo ikibaki ndani, uso wa almasi huungua na kutiwa doa jeusi la grafiti.

Hatua ya pili: usafi

Uchafu wa kawaida unang'aa chini ya leza ya kijani kuliko kituo cha NV. Mafuta ya kidole kimoja yanaweza kukuharibia wiki nzima.

Safisha kwanza kwa asetoni, kisha alkoholi ya isopropili, kisha maji safi ya maabara, na ukaushe kwa naitrojeni ya mtungi. Kama haitoshi, kuna mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na haidrojeni peroksaidi, na juu yake kuna ule wa asidi tatu: salfuriki, naitriki na perikloriki kwa sehemu sawa, zikichemshwa. Huu wa mwisho ndio unaoondoa grafiti baada ya tanuri. Ni hatari kweli kweli. Usiufanye peke yako, wala usiufanye kwa mara ya kwanza kwa kusoma tu. Unahitaji kabati la hewa lililotengenezwa kwa ajili ya asidi ya perikloriki na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo akiwa amesimama pembeni yako. Na popote penye asidi hizi, asetoni na alkoholi zikae mbali kabisa. Zikikutana hulipuka. Suuza kipande kwa maji mengi na ukikaushe kabisa kabla ya kuhama kutoka hatua moja kwenda nyingine.

Hatua ya tatu: njia ya nuru

Darubini unayojenga inaitwa ya konfokali. Wazo lake ni jepesi: leza inakusanywa kwenye nukta moja ndani ya almasi, na nuru inayorudi inapitishwa kwenye tundu dogo linalokubali tu ile iliyotoka kwenye nukta hiyo hiyo. Mimi napendelea faiba ya modi moja, uzi mwembamba wa kioo unaopitisha nuru, mahali pa tundu. Kiini chake kidogo ndicho tundu, na upande wa pili wa faiba unaweza kuunganishwa na chombo chochote bila kuvuruga meza.

Panga hivi. Leza ya nm 532 ipite kwanza kwenye kichujio kinachoruhusu kijani peke yake. Leza nyingi za kijani za bei nafuu huzalisha rangi hiyo kutoka kwenye nuru ya nm 808 na 1064, na mabaki ya nuru hizo, usiyoyaona kwa jicho, huingia kwenye vigunduzi kama mwizi. Kisha weka kioo kichaguzi, kile kinachorudisha kijani na kupitisha nyekundu. Baada yake lenzi kuu ya darubini, yenye kipenyo cha namba (kipimo cha upana wa pembe ambayo lenzi hukusanya nuru) 0.9 au 0.95 kwa lenzi ya hewani, au hadi 1.4 kwa lenzi ya mafuta. Nyuma ya kioo kichaguzi, upande wa vigunduzi, weka kichujio kinachopitisha kuanzia nm 650 kwenda juu.

Kwa nini 650, wakati mstari mkuu wa NV uko 637? Kwa sababu almasi yenyewe inapopigwa na kijani hutawanya nuru kwa njia ya Raman, yaani huirudisha ikiwa imebadilika rangi: mstari mkali kwenye nm 573, na mwingine mpana unaofika karibu nm 620. Ukifungua kichujio mapema unaingiza kelele ya jiwe. Ukifungua 650 unapoteza mstari mkuu, lakini mstari huo ni asilimia 3 hivi tu ya nuru yote ya NV. Ni hasara inayobebeka.

Vigunduzi ni diodi za silikoni zinazohesabu fotoni moja moja. Zinashika fotoni mbili kati ya tatu hivi katika rangi hii, na zikiwa gizani huhesabu mia chache tu kwa sekunde. Ni dhaifu kama yai: taa ya chumbani ikiwaka huku umeme wake umewashwa, unaweza kuiua diodi. Zima taa kwanza, kisha washa kigunduzi, na ufunike kila kigunduzi kwa kitambaa cheusi hata kama unaamini sanduku halina upenyo.

Vaa miwani ya leza. Uso wa almasi hurudisha asilimia 17 ya nuru inayoupiga, na mwali huo hurudi kwa pembe usiyoitegemea.

Hatua ya nne: kupekua

Weka nguvu ya leza kwenye lenzi kati ya mW 0.1 na 1. Tafuta uso wa almasi kwanza: ondoa kichujio cha nyekundu, punguza leza mpaka iwe hafifu sana, na usogeze lenzi mpaka mrejesho uwe mkali kabisa. Tumia kamera kwa kazi hii, usitumie vigunduzi. Rudisha kichujio, kisha ingia ndani. Kumbuka kwamba ukisogeza lenzi mikromita 1, nukta ya leza ndani ya almasi inasogea karibu 2.4 au zaidi, kwa sababu ya jinsi nuru inavyopinda.

Pekua eneo la mikromita 20 kwa 20, hatua ya nm 200, milisekunde 10 kwa kila nukta. Ni nukta 10,000, na itakuchukua sekunde 100. Unachotaka kuona ni madoa ya duara, yote ya ukubwa mmoja, karibu nm 300 hadi 400 kwa upana. Doa kubwa kuliko hilo ni uchafu au kundi la vituo. Doa lenye mkia linakuambia lenzi au kioo hakijakaa sawa, na hakuna hesabu ya kompyuta itakayokuponya na hilo. Rudi mezani ukarekebishe.

Simama juu ya doa moja dakika nzima ukitazama hesabu. NV haififii. Uchafu huanza kwa ukali, kisha hushuka na kufa. Kwa lenzi nzuri ya hewani tegemea makumi ya maelfu ya fotoni kwa sekunde, na kwa lenzi ya mafuta laki moja au zaidi. Likionyesha laki tano kwenye almasi isiyochongwa, usishangilie. Pengine umekanyaga kundi.

Kabla ya kuendelea, peleka nuru ya doa lako kwenye spektromita, chombo kinachotenganisha nuru kwa rangi zake, ukiwa umeweka kichujio kinachofunguka karibu na nm 540 badala ya kile cha 650. Unatafuta kilele cha nm 573 cha Raman, kilele chembamba cha 637, na kilima kipana chenye kilele kati ya 680 na 700. Ukiona kilele chembamba kwenye 575, hiyo ni NV iliyopoteza elektroni yake ya ziada. Kituo kimoja huhamahama kati ya hali hizo mbili chini ya leza ya kijani, na sehemu ya muda wake hupotelea huko.

Hatua ya tano: bonde

Hapa ndipo penye moyo wa kazi, basi tutulie.

Mwaka 1956 Robert Hanbury Brown na Richard Twiss walitumia vigunduzi viwili kulinganisha mitetemo ya nuru ya nyota Sirius ili kupima upana wake. Mpangilio ule ule, ukiwa mdogo wa kukaa mezani, ndio unaotumika kwetu. Gawa nuru ya doa nusu kwa nusu kwa kioo cha kugawanya, kila nusu iende kwenye kigunduzi chake. Kisha uliza swali moja: kigunduzi A kikigonga sasa, kigunduzi B kinagonga baada ya muda gani? Chora idadi ya jozi dhidi ya tofauti ya muda. Kama chanzo ni kituo kimoja, pale kwenye sifuri patakuwa na bonde, kwa kuwa fotoni moja haiendi kulia na kushoto kwa wakati mmoja.

Kipimo hiki kinaandikwa g2. Chanzo cha kituo kimoja kamili hutoa sifuri. Vituo viwili vinavyong'aa sawa hutoa 0.5, vitatu hutoa 0.67, na kwa jumla vituo N hutoa 1 kutoa 1/N. Ndiyo maana watu husema bonde lishuke chini ya 0.5. Mimi huwashauri wanafunzi wasiridhike na 0.45, kwa sababu kituo kimoja kikali na jirani yake hafifu wanaweza kukupa namba hiyo.

Piga hesabu ya muda kabla ya kuanza. Kila kigunduzi kikipata 20,000 kwa sekunde, ukitumia vipande vya muda vya nanosekunde 1, kwa dakika 10 utapata jozi 20,000 × 20,000 × nanosekunde 1 × sekunde 600, yaani 240 kwa kila kipande. Mtikisiko wake ni kama 15, asilimia 6. Inatosha kuliona bonde, ila haitoshi kulitetea mbele ya mhakiki. Na kwa kuwa jozi huongezeka kwa mraba wa hesabu, ukiboresha ukusanyaji mara mbili unaokoa robo tatu ya muda. Hilo ndilo jibu la mtu anayeuliza kwa nini tunahangaika kuchonga almasi.

Sasa mitego. Bonde halionekani kabisa, na mstari umelala kwenye 1? Angalia kwanza urefu wa waya. Umeme husafiri kwenye kebo mita moja kwa nanosekunde 5, hivyo kebo moja ikizidi nyingine kwa mita 20, bonde limehama nanosekunde 100 na huenda liko nje ya dirisha lako. Wengine huongeza kebo makusudi, kwa sababu mashine za zamani za kuanza na kusimamisha saa hazisomi muda hasi. Kifaa cha kisasa kinachoandika muda wa kila fotoni hakina shida hiyo.

Mtego wa pili ulinila wiki mbili. Niliona bonde zuri, na kwenye kila ubavu wake kichuguu kirefu chembamba. Nikafikiri nimegundua kitu kipya. Kumbe diodi ya silikoni inapogonga hutoa mweko mdogo wa nuru yake yenyewe, mweko unarudi kupitia kioo cha kugawanya na kuingia kwenye diodi ya pili. Dawa yake ni kichujio mbele ya kila diodi kinachozuia nuru iliyopita nm 750 au 800, ambako mweko huo ni mwingi na NV ina kidogo cha kupoteza.

Wa tatu ni leza kuwa kali mno. Ukiisukuma NV kwa nguvu, bonde linakuwa jembamba kuliko nanosekunde 12, mtetemo wa saa ya diodi, kama pikosekunde 350, unaanza kulijaza, na mabega yanapanda juu ya 1. Mabega hayo yana sababu ya kweli: kituo mara nyingine huteleza kwenye hali ya kando isiyong'aa na kukaa huko nanosekunde mia mbili hivi, kwa hiyo fotoni hutoka mafungu mafungu. Kosa ni kugawa grafu yako kwa urefu wa bega ili ipate 1. Gawa kwa urefu wa mbali, mikrosekunde kadhaa kutoka sifuri, ama sivyo bonde lako litaonekana refu kuliko lilivyo.

Kelele ya pembeni inasahihishwa hivi. Pima hesabu juu ya doa, kisha pembeni yake kwa mikromita 1. Ikiwa ρ ni sehemu ya hesabu inayotoka kwenye kituo chenyewe, g2 iliyosahihishwa ni ile uliyopima, toa (1 − ρ²), kisha gawa kwa ρ². Ripoti zote mbili, iliyosahihishwa na mbichi. Mimi naanza kusoma ile mbichi.

Hatua ya sita: kushiba

Ongeza leza hatua kwa hatua na uandike hesabu, juu ya doa na pembeni. Toa ya pembeni. Inayobaki hupanda, kisha hulegea na kushiba, kwa umbo I = I∞ × P / (P + Ps), ambapo I ni hesabu ya fotoni, P ni nguvu ya leza, I∞ ni hesabu ya kikomo, na Ps ni nguvu inayokufikisha nusu ya kikomo hicho. I∞ ndiyo namba ya kulinganisha darubini yako na ya mwenzako, na Ps hukuambia nguvu ya kufanyia kazi. Kwa g2 kaa chini ya Ps.

Tazama sasa I∞ yako, tuseme 50,000. Kituo kinachoshuka kila nanosekunde 12 kingeweza kufika milioni 80 kwa sekunde. Hata ukiondoa muda wa kulala kwenye hali ya kando, hasara za vioo na uziwi wa diodi, pengo linabaki la kutisha.

Hatua ya saba: maikrowevu na sumaku

Ushahidi wa mwisho kwamba doa ni NV hautoki kwenye nuru peke yake. Pitisha waya wa shaba wenye unene wa mikromita 20 hivi juu ya almasi, karibu na doa, na uupe maikrowevu ukipanda kutoka GHz 2.8 hadi 2.95. Kwenye 2.87 hesabu ya fotoni itashuka, kwa kituo kimoja kizuri hata asilimia 20 au zaidi. Spini ya elektroni, yaani usumaku wake mdogo, imegeuzwa, na spini iliyogeuzwa hung'aa kidogo.

Sogeza sumaku ndogo karibu. Mstari mmoja unagawanyika kuwa miwili, ikiachana MHz 5.6 kwa kila gausi iliyo kwenye mhimili wa kituo, ule ulioinama nyuzi 54.7. Kituo kimoja kina mhimili mmoja, hivyo hutoa jozi moja tu. Ukiisogeza sumaku huku na huku ukaona jozi mbili, una vituo viwili, hata kama bonde lako lilikuonyesha 0.4. Kipimo hiki ni cha dakika kumi na nashangaa wengi wanavyokiruka. Mistari ikihama kidogo asubuhi na jioni, tazama kipimajoto: nyuzi moja ya joto huihamisha kHz 74 kuelekea chini.

Hatua ya nane: kuifungulia nuru mlango

Namba ya kupinda nuru ya almasi ni 2.4. Maana yake nuru inayoupiga uso kwa pembe inayozidi nyuzi 24 hivi kutoka wima hurudishwa ndani yote. Kwa uso mmoja bapa, sehemu inayoweza kutoka ni asilimia 4 na nusu, na kati ya hiyo sehemu nyingine hurudishwa usoni. Hapa kuna njia tatu, kwa mpangilio wa ugumu.

Ya kwanza ni kuchonga nusu tufe, upana wa mikromita 5 au zaidi, kituo kikiwa katikati yake kabisa. Kila mwali unaupiga uso wima, na hakuna unaorudishwa kwa pembe. Kundi la Bristol lilionyesha hilo mwaka 2010 kwa kuchonga kwa mwali wa ioni, na vituo vya Delft vilikaa chini ya maumbo ya namna hiyo. Haibadilishi tabia ya kituo, inafungua njia tu. Kwa mwanafunzi wa kwanza ningechagua hii.

Ya pili ni nguzo. Huko Harvard mwaka 2010 walichonga nguzo za upana wa nm 200 na urefu wa mikromita 2 kwa plazma ya oksijeni, na zikatoa fotoni mara kumi ya jiwe bapa kwa leza ndogo zaidi. Nguzo unaichonga kwa maelfu kwa mara moja, kisha unatafuta ile iliyobahatika kubeba kituo kimoja. Ndiyo maana hatua ya tano lazima iwe mkononi mwako: utaifanya mara mamia.

Ya tatu ni kaviti, chumba cha mwangwi wa nuru. Hapa hutoi tu nuru iliyopo, unakibadilisha kituo kinavyong'aa. Kanuni ya Purcell inasema ongezeko ni 3/(4π²) × (λ/n)³ × Q/V, ambapo λ ni urefu wa wimbi la nuru, n ni namba ya kupinda nuru, Q ni idadi ya mizunguko nuru inayodumu na V ni ukubwa wa chumba. Kumbuka ile asilimia 3 ya mstari mkuu, nuru pekee inayofaa kuunganisha vituo viwili vilivyo mbali. Mstari huo ukiongezwa mara 10, unachukua 0.30 kati ya 1.27, yaani asilimia 24 ya nuru. Mara 30, unafika asilimia 48.

Ugumu ni kwamba almasi nzuri haikuzwi kirahisi kama utando juu ya kitu kingine, kwa hiyo huna tabaka la chini la kuyeyusha ili boriti yako ining'inie. Mwaka 2012 kundi la Harvard lilipata ujanja wa kuiweka almasi ndani ya kizimba cha Faraday, kizimba cha chuma, chenye kuta za mshazari ndani ya mashine ya plazma. Ioni huingia kwa pembe kutoka pande zote, hukata chini ya boriti, na kuacha umbo la pembetatu linaloning'inia hewani.

NV lakini hupata taabu ndani ya boriti hiyo. Kuta ziko karibu, chaji kwenye kuta huhamahama, na NV haina ulinganifu wa kuizuia isitikiswe nazo, basi rangi ya mstari wake huyumba. Katika SiV, SnV na ndugu zao, atomu ya kigeni imekaa katikati kati ya nafasi mbili wazi, pande zote sawa, na chaji za nje huzigusa kidogo sana. Bei yake ni baridi. Viwango vya chini vya SiV vimeachana GHz 50 tu hivi, joto dogo linaichanganya spini, na inabidi ishushwe hadi karibu kelvini 0.1. Pengo la SnV ni kama GHz 850, hivyo inavumilia zaidi ya kelvini 1, na mashine ya kuipoza ni rahisi zaidi kuipata. Ningekuwa naanzisha maabara leo ningeielekea SnV. SiV ndiyo iliyofika mbali hadi sasa: mwaka 2024 Harvard waliunganisha vituo viwili vya SiV, kila kimoja ndani ya kaviti ya almasi, kupitia faiba ya kilomita 35 iliyozunguka eneo la Boston.

Kabla kipande hakijaingia kwenye mashine ya kuchonga, chora ramani yake. Weka alama zinazoonekana kwenye pembe, andika nafasi ya kila kituo kutoka kwenye alama hizo, na kwa kila kimoja hifadhi g2 mbichi, I∞, Ps, spektra na muda wa msisimko. Kipande kikirudi, kisafishe kwa asidi, kirudishe chini ya lenzi ile ile na kichujio kile kile, uende kwenye kituo kile kile. I∞ ikipanda na muda wa msisimko ukibaki ulivyokuwa, umefungua mlango tu. Muda ukipungua wakati kaviti iko kwenye rangi ya mstari mkuu, na ukarudi kuwa mrefu unapoihamisha kaviti kutoka kwenye rangi hiyo, basi kaviti imeshikana na kituo. Pima hali zote mbili siku hiyo hiyo, kabla hujagusa kioo chochote.